Taa za Michigan, 2014: kifaa kilichomtii kila aliyejua lugha yake

Mwaka 2014 watafiti wa usalama wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, akiwemo Branden Ghena na profesa J. Alex Halderman, waliruhusiwa na wakala mmoja wa barabara jimboni humo wajaribu kuingia kwenye mfumo wake wa taa za kuongozea magari. Mfumo huo ulikuwa na makutano karibu 100, yote yameunganishwa kwa redio. Wakaingia. Vifaa vyao havikuwa vya ajabu: laptopu moja, na redio ya aina ile ile aliyokuwa akiitumia wakala. Baada ya hapo waliweza kubadilisha taa za makutano watakavyo, na hata kujifungulia njia ya kijani kutoka taa hadi taa.

Habari zilizosambaa wakati ule zilishikilia nywila. Nywila za kiwandani zilikuwa bado zinatumika, watu wakacheka, wakasahau. Mimi kilichonikaa kichwani ni jibu la kampuni mojawapo ya watengenezaji, ambalo watafiti walilinukuu kwenye ripoti yao. Kampuni ilisema imefuata kiwango kinachokubalika katika tasnia, na kwamba ni kiwango hicho ndicho kisicho na usalama ndani yake.

Jibu hilo linaudhi. Ubaya wake ni kwamba halina uongo.

Ndani ya kabati

Kando ya makutano yenye taa huwa kuna kabati la chuma ambalo watu hulipita bila kulitazama. Ndani yake kuna kidhibiti, kompyuta ndogo inayohesabu sekunde na kuamua nani apite. Hupata habari kutoka kwenye nyaya zilizozungushwa chini ya lami, zinazohisi chuma cha gari likisimama juu yake, au kutoka kwenye kamera iliyofungwa nguzoni. Kidhibiti hakipeleki umeme kwenye taa chenyewe. Kinatoa amri tu, na swichi za umeme zilizopangwa chini yake ndizo zinazowasha nyekundu, njano na kijani. Kuna na kifaa kingine humo kabatini, kimya na kisicho na akili nyingi, ambacho nitakifikia baadaye kwa sababu ndicho kilichofanya kisa hiki kisiwe cha misiba.

Zamani kila kabati lilijitegemea, au liliunganishwa na kituo kwa jozi ya nyaya za shaba. Wakala wa Michigan aliweka redio. Sababu yake anaijua yeyote aliyewahi kuona mkandarasi akichimba barabara ili apitishe kebo: fedha, vibali na malalamiko. Makutano moja yaliunganishwa na seva ya wakala, na mengine yakawa yanapokezana habari kama matawi ya mti. Antena zilipoonana bila kizuizi walitumia gigahezi 5.8, penye miti au majengo, walitumia megahezi 900, ambayo ni ya polepole lakini hupenya vizuri zaidi.

Mawimbi hayo hayakuwa yamesimbwa, yaani yaliyobebwa humo hayakufichwa kwa msimbo. Mtandao wa gigahezi 5.8 ulitangaza jina lake hewani, na simu ya kawaida iliweza kuliona kwenye orodha ya mitandao iliyo jirani. Haikuweza kujiunga, kwa kuwa redio zile zilitumia itifaki (kanuni za mazungumzo) ya mtengenezaji, iliyo binamu ya Wi-Fi lakini si Wi-Fi yenyewe. Kinga ya mfumo mzima, basi, ilikuwa ni dhana kwamba mtu mbaya hatakuwa na redio kama ile. Redio ile, kwa mwenye kuitafuta, inapatikana. Uwezo wa kusimba mawimbi ulikuwemo ndani ya vifaa, ila hakuna aliyeuwasha.

Vidhibiti navyo viliendeshwa na VxWorks 5.5, toleo kongwe la mfumo endeshi, likiwa na mlango wa watengeneza programu ulioachwa wazi. Mlango huo huwekwa ili mhandisi aweze kusoma kumbukumbu ya kifaa anapotafuta hitilafu kiwandani. Kuupeleka barabarani ukiwa wazi ni sawa na kuhamia nyumba mpya na kumwachia fundi ujenzi ufunguo wake. Udhaifu huo ulikuwa umetangazwa hadharani tangu 2010.

Haya yote ni uzembe, na uzembe hurekebishika. Badilisha nywila, washa usimbaji, ziba mlango. Jumatatu asubuhi umemaliza. Lakini chini ya uzembe kulikuwa na jambo lisilorekebishika kwa kubonyeza kitufe. Programu ya ofisini, ile inayomwezesha mtu aliyekaa kwenye kiti kubonyeza vitufe vya kidhibiti na kuona skrini yake kana kwamba amesimama mbele ya kabati, ilizungumza na vidhibiti kwa kiwango kiitwacho NTCIP 1202. Watafiti walisikiliza mazungumzo hayo. Hayakusimbwa, hayakudai uthibitisho wowote wa anayezungumza, na yaliweza kurudiwa: pakiti iliyonaswa leo asubuhi, ikirushwa tena kesho usiku, itatiiwa vilevile.

Lugha ilitoka wapi

NTCIP ni jibu la tatizo la kweli, na mtu asiyelijua tatizo hilo atawaonea waliokiandika kiwango. Kabla yake kila mtengenezaji alikuwa na lugha yake. Mji ukinunua vidhibiti vya kampuni fulani, umeoa: programu ya kituo itakuwa ya kampuni hiyo, vipuri vyake, mafunzo ya mafundi yake, na bei itakuwa ile atakayoitaja yeye. Katika miaka ya 1990 mashirika matatu ya Marekani yakaungana: NEMA la watengenezaji wa vifaa vya umeme, ITE la wahandisi wa usafiri, na AASHTO la idara za barabara za majimbo. Lengo lao lilikuwa lugha moja ambayo kituo chochote kingeweza kuzungumza na kabati lolote. Namba 1202 ikapewa vidhibiti vya taa, 1203 mabango ya ujumbe wa kielektroniki, 1204 vituo vya hali ya hewa vya kando ya barabara, na kadhalika.

Hawakuanza na karatasi tupu. Waliazima SNMP, itifaki ya 1988 iliyobuniwa kwa ajili ya kusimamia vifaa vya mtandao wa kompyuta. Katika mpango huo kila kitu ndani ya kifaa kina anwani yake ya namba, na kazi ni mbili tu: kusoma thamani iliyopo, au kuandika mpya. Anayeandika hutanguliza neno la kupitia mlangoni, na neno hilo husafiri wazi kabisa, herufi kwa herufi. Ukisikiliza laini unalo.

Tuchukue namba moja: 34. Makutano makubwa ya Marekani hupangwa kwa awamu nane, yaani mielekeo ya kupita inayopewa kijani, na kidhibiti huziweka ndani ya baiti moja, biti moja kwa kila awamu. Biti ya pili ina thamani ya 2, ya sita ina thamani ya 32. Jumla 34. Kwa desturi awamu ya 2 na ya 6 ni za magari yanayokwenda moja kwa moja kwenye barabara kuu, pande zote mbili. Kituo kikiandika 34 kwenye sehemu ya kushikilia awamu, basi barabara kuu ikishapata kijani itabaki kijani. Kuna sehemu nyingine inayochagua mpango mzima wa muda wa taa: 1 hadi 253 ni mipango iliyohifadhiwa, 254 ni kuyaachia makutano yajiendeshe yenyewe, na 255 ni taa kumweka, yaani kuwaka na kuzima. Ndio uzuri wa kiwango. Fundi wa Ohio na fundi wa Arizona wanaelewana kwa 255 bila kujali jina lililobandikwa kwenye kidhibiti.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mwanakamati wa miaka ile. Laini kati ya kituo na kabati ni jozi ya shaba inayobeba biti 1200 kwa sekunde, yaani kama herufi 120, na laini hiyo hiyo wanaigawana makabati kadhaa ambayo kituo kinataka kuyasikia moja baada ya jingine, tena na tena. SNMP yenyewe ilikuwa nzito kupita kiasi kwa laini hiyo. Ikabidi watunge itifaki ya pili, nyembamba, ambayo kituo na kifaa hukubaliana mapema kufunga habari nyingi kwenye vifurushi visivyozidi 13 ili wasirudie anwani ndefu kila mara. Mtu aliyekuwa akipigania kila baiti namna hiyo, ungemwendea na pendekezo la kuongeza baiti 12 za uthibitisho kwenye kila ujumbe, angekuonyesha mlango.

Tena waya ulikuwa wa mji wenyewe. Umezikwa ardhini, unatoka ofisini hadi kabatini, na wa kuuingilia ilibidi apande nguzo au afukue. Katika mazingira hayo swali la nani anayezungumza lilikuwa limeshajibiwa na shaba.

Kuna sehemu ndani ya 1202 inayoonyesha vizuri walichokuwa wakikiwaza. Ni muda wa akiba, unaohesabiwa kwa sekunde. Kituo kikinyamaza kupita muda huo bila kuandika chochote, kidhibiti kinaacha kusubiri amri za mbali na kurudi kwenye mpango wake wa nyumbani. Ni kinga nzuri sana dhidi ya laini iliyokatwa na mchimba mtaro. Kwa mtu anayezungumza bila kukoma huku akijifanya kituo haisaidii chochote. Waandishi waliogopa ukimya. Uongo haukuwa kwenye orodha yao.

Ndipo zikaja redio. Hakuna aliyebadilisha lugha, kwa sababu lugha ilikuwa inafanya kazi. Kilichobadilika ni kwamba mazungumzo yaliyokuwa yakifanyika ndani ya ukuta sasa yalikuwa yakifanyika uwanjani. Sidhani kuna kikao kilichokaa mahali popote kikaamua hivyo. Aliyenunua redio alikuwa akitatua tatizo la kebo.

Ile bodi isiyosikia

Nilisema kuna kifaa kimya kabatini. Kwa Kiingereza hufupishwa MMU. Mimi nitakiita mlinzi. Kazi yake ni kupima umeme uliofika kwenye nyaya za taa zenyewe. Hajali kidhibiti kinasema nini wala kituo kimeamuru nini. Anaangalia kilichotoka. Akikuta kijani mbili zinazogongana zimewaka pamoja kwa zaidi ya milisekunde 450, anakinyang'anya kidhibiti taa zote na kuyaweka makutano kwenye nyekundu ya kumweka. Njano ikidumu chini ya sekunde 2.7, vivyo hivyo.

Kijani ipi inaruhusiwa kuwaka na ipi, mlinzi haambiwi kwa programu. Anaambiwa kwa kadi. Mlinzi wa chaneli 16, yaani makundi 16 ya taa anayoyapima, ana kadi yenye nafasi 120, moja kwa kila jozi ya chaneli, na fundi hulehemu kipande cha waya penye jozi inayoruhusiwa. Pasipo na waya, ni marufuku. Ukitaka kumdanganya mlinzi huyu huna budi kuwa na chuma cha kulehemu mkononi na kabati wazi mbele yako.

Kwa hiyo watafiti, pamoja na kuushika mfumo wote, hawakuweza kuwasha kijani pande nne. Jambo ambalo kila mtu hulifikiria kwanza akisikia taa zimedukuliwa, lile la magari kugongana katikati, lilizuiwa na teknolojia ya waya na risasi ya kulehemu. Nimewahi kusikia watu wakiiita bodi hiyo ya kizamani. Ni kweli, na uzamani wake ndio uliosaidia: kifaa kisichosikia hakidanganyiki kwa maneno.

Hata hivyo mlinzi ana upande wa pili. Akishaingilia, harudishi mambo yalivyokuwa mwenyewe. Fundi lazima aende, afungue kabati, aangalie kilichotokea, abonyeze kitufe. Basi mtu asiyeweza kusababisha ajali anaweza kuamuru njano fupi kwa makusudi, mlinzi akafanya kazi yake kwa uaminifu, na makutano yakabaki yanamweka nyekundu. Fanya hivyo kwa makutano 60 saa moja asubuhi. Wakala ana mafundi wangapi, na magari yao yatapita wapi kwenye foleni hiyo? Watafiti walilitaja shambulio la namna hii, na kwangu ndilo la kutisha zaidi kwa sababu linatumia kifaa cha usalama kikiwa kizima.

Sisi huku tuna mlinzi wetu: trafiki mwenye glavu nyeupe anayesimama katikati ya njia panda, akaipa taa mgongo na kuongoza kwa mkono. Madereva wanamtii yeye na kuipuuza nyekundu. Tunalalamika kwamba anaharibu mpango wa taa, na mara nyingi anauharibu kweli, lakini makutano yenye mtu kama huyo hayashikwi na laptopu.

Lawama igawanywe vipi

Narudi kwenye jibu la kampuni. Kama ningekuwa wakili wake ningelisimamia bila haya. Zabuni za namna hii hutaka vifaa vinavyofuata NTCIP. Kifaa chao kinafuata NTCIP. Wangeongeza sharti la uthibitisho la kwao wenyewe, programu ya kituo ya kampuni nyingine isingeweza kuzungumza nacho, na wangeshtakiwa kwa kuvunja kile kile kiwango kilichotungwa ili kuwaondolea wateja ndoa za lazima. Kiwango cha mawasiliano ni makubaliano, na anayeongeza neno peke yake anakuwa haeleweki.

Lakini wakili huyo angenyamaza ukimuuliza kuhusu mlango wa VxWorks. Hakuna ukurasa wa NTCIP unaoagiza mlango wa kiwandani uachwe wazi, wala nywila moja itumike kwenye kila kifaa kinachouzwa. Hapo kiwango kilitumiwa kama mwavuli kwa mvua ambayo hakikuhusika nayo. Na wakala naye alikuwa na redio zenye uwezo wa kusimba, akaziacha zilivyotoka kwenye boksi.

Fungu kubwa la lawama ningelipeleka kwenye neno moja linalotumika kwenye meza za manunuzi: "kinafuata". Mhandisi akiandika kifaa kifuate 1202, mhasibu anasoma kwamba kifaa ni kizuri, na mkubwa wake anasoma kwamba ni salama. Kiwango kiliahidi jambo moja tu, kwamba kifaa kitaelewa. Hakikuwahi kuahidi kwamba kitauliza. Nimekaa kwenye vikao viwili vitatu vya kukagua vipimo vya vifaa vya mtandao, si vya taa, na nimeliona neno hilo likipigiwa alama ya vema bila mtu kuuliza kiwango chenyewe kinasema nini kuhusu jambo lililopo mezani.

Baada ya hapo

Viwango vimesogea. Toleo la tatu la 1202 lilitoka 2019. Mwaka 2020 likatoka 1218, la vifaa vya kando ya barabara vinavyozungumza na magari yenyewe, na hilo limejengwa juu ya SNMPv3, ambayo ina majina ya watumiaji, uthibitisho wa kila ujumbe, usimbaji, na kinga dhidi ya ujumbe wa jana kurudishwa leo. Inafaa kukumbuka kwamba SNMPv3 ilikuwa kiwango kamili cha intaneti tangu 2002. Miaka 12 kabla ya kisa cha Michigan dawa ilikuwa rafuni. Barabarani haikuwa imefika. Kidhibiti cha taa hakinunuliwi kama simu. Kikishafungwa kabatini hukaa humo miaka mingi, na aliyekinunua huwa ameshastaafu kinapotolewa.

Na SNMPv3 inaleta kazi ambayo laini ya shaba haikuwa nayo: funguo. Makabati 100 yanahitaji siri 100, au siri moja ya yote, ambayo ikivuja tumerudi tulipoanzia. Nani anazitunza? Fundi akiitwa saa nane usiku mvua ikinyesha, kidhibiti kimekufa, na kipya alichobeba garini hakina siri ya kabati hilo, atafanya nini? Namjua fundi wa aina hiyo, ingawa si wa taa. Ataweka siri moja rahisi kwenye vyote na kuiandika kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa mlango wa kabati.

Kuhusu mlango huo, kwa sehemu kubwa ya Marekani makabati ya taa hufungwa kwa kufuli la aina moja, na ufunguo wake huitwa kwa namba, namba 2. Umewekwa hivyo ili fundi yeyote, wa mji au wa mkandarasi, aweze kufungua kabati lolote bila kubeba gunia la funguo. Ni kiwango, na kinafanya kazi vizuri. Unaweza kuununua mtandaoni.